Waratibu wa afya ya akili Morogoro: kazi inayoanzia pale hospitali inapoishia

Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka Hospitali ya Mirembe, Dodoma, hushuka stendi ya Msamvu, mjini Morogoro, akiwa na ndugu mmoja, barua ya ruhusa na dawa za mwezi mmoja hivi. Kilomita 260 za lami ndizo sehemu rahisi ya safari. Kama kwao ni Kolero au Kibungo Juu, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, atatafuta gari la Matombo, apande bodaboda, kisha amalizie kwa miguu kwenye njia ambazo masika huzifanya utelezi mtupu kuanzia Machi hadi Mei. Akifika, majirani watakuja kumsalimia. Wengine watasimama mbali kidogo. Baada ya mwezi mfuko wa dawa utakuwa mtupu, na yeye atakuwa anajisikia vizuri, jambo ambalo katika magonjwa haya ni hatari yake kubwa: anayejisikia mzima haoni sababu ya kutumia nauli ya siku nzima kwenda kufuata vidonge.

Nani anajua kwamba dawa zimekwisha?

Katika mfumo wa afya wa Tanzania, swali hilo lina mtu wake. Anaitwa mratibu wa afya ya akili. Mkoa unaye, na kila halmashauri inatakiwa iwe naye. Mara nyingi ni muuguzi aliyesomea afya ya akili, mwenye zamu zake wodini au kliniki, kisha akabebeshwa na kazi ya kuratibu. Vijijini hawamjui kwa cheo hicho. Wanamwita dokta, au nesi, au sista, na wengi wana namba yake ya simu, kwa sababu kijana akianza kutolala na kuzungumza peke yake saa nane za usiku, mama mtu hampigii mganga mkuu wa wilaya. Anampigia yule aliyemchoma sindano mwanawe mwaka jana.

Mkoa wa Morogoro una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 70,000 na, kwa sensa ya 2022, watu 3,197,104. Una halmashauri tisa, kuanzia Manispaa yenye wakazi 471,409 hadi Malinyi na Mlimba kwenye bonde la Kilombero. Ukimwondoa daktari bingwa, ambaye ni adimu nchi nzima, mzigo wa magonjwa ya akili kwenye eneo hilo lote unabebwa na wauguzi, matabibu wa zahanati na hao waratibu wachache. Kazi yao haionekani kwa urahisi kwa sababu sehemu yake kubwa haifanyiki chumbani kwa daktari.

Asubuhi mratibu anaweza kuwa stoo ya dawa, akihesabu dawa za kichaa zilizobaki, haloperidoli na kloropromazini, na kumweleza mfamasia kwa nini maombi ya Bohari ya Dawa yasisahau fenobabitoni ya kifafa. Saa nne yuko kituo cha polisi, maana kuna mtu amekamatwa sokoni akivunja meza za wafanyabiashara na askari mmoja ana akili ya kutambua kwamba huyo si mhalifu. Mchana anampigia mtendaji wa kijiji kuuliza kama fulani amerudi shambani. Jioni anajaza vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya. Vitabu hivyo vina nafasi ya kuandika aliyekuja kliniki. Havina safu ya simu aliyoipiga kwa mjomba wa mgonjwa, wala ya nusu saa aliyokaa kibarazani akimsihi mke asiondoke, wala ya askari aliyeshawishika. Ukiisoma ripoti ya mwisho wa robo mwaka utadhani mtu huyu hugawa vidonge tu.

Watu wa Morogoro wana haki ya kujua kwamba utaratibu huu una mizizi kwao. Kwa miongo mingi Tanganyika ilikuwa na njia moja tu kwa mgonjwa wa akili: kumpeleka mbali. Wamisionari wa Kijerumani walianza kupokea wagonjwa Lutindi, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1904. Waingereza wakafungua Mirembe mwaka 1927, na sheria ya 1937 ikaweka utaratibu wa kuwazuia wagonjwa humo. Mtu aliyetolewa Mgeta au Mahenge akapelekwa Dodoma aliweza kukaa miaka mingi bila ndugu kumtembelea. Hata baada ya uhuru, kupona kwake hakukuwa na maana kubwa kama nyumbani hapakuwa tena na nafasi yake.

Mawazo mapya yalikuja kutoka pande mbili. Nchini Nigeria, mwaka 1954, Dkt. Thomas Adeoye Lambo alianza kuwatibu wagonjwa wakiwa wamepangishwa kwenye vijiji jirani na hospitali ya Aro, Abeokuta, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia na kumtazama. Tanzania nayo, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, ikaanzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili: Hombolo karibu na Dodoma, na baadaye Vikuruti karibu na Dar es Salaam. Huko mgonjwa aliyetulia alilima na kufuga huku akiendelea na dawa. Lilikuwa wazo zuri, lakini kijiji cha wagonjwa hakikuwa kijiji chake.

Ndipo mwaka 1980 Serikali, Shirika la Afya Duniani na shirika la misaada la Denmark, DANIDA, wakaanza mpango wa taifa wa afya ya akili na kuchagua mikoa miwili ya majaribio: Kilimanjaro na Morogoro. Wakati ulikuwa mzuri. Nchi ilikuwa imetandaza zahanati vijijini katika miaka ya 1970, na Azimio la Alma-Ata la 1978 lilikuwa limeipa afya ya msingi uzito duniani kote. Mpango ulisema jambo ambalo wakati ule lilionekana la kuthubutu: mhudumu wa zahanati, yule anayetibu malaria na kuhara, afundishwe kutambua kichaa na kifafa, aanzishe dawa, na ajue wa kumwomba msaada akikwama. Huyo wa kuombwa msaada ndiye mratibu. Mwaka 1991 Fini Schulsinger na Assen Jablensky wakachapisha taarifa ndefu ya mpango huo, na Tanzania ikatajwa katika nchi nyingi kama mfano wa jinsi nchi maskini inavyoweza kuitoa tiba ya akili nje ya kuta za hospitali kubwa.

Fedha za wafadhili zilikuwa na mwisho wake. Magari yalichakaa, semina zikapungua, dawa zikawa zinafika na kukosekana. Kilichobaki, na hili ndilo linalostahili heshima, ni cheo na watu. Muundo wa waratibu haukufutwa. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado kuna mtu kwenye halmashauri ambaye kazi yake, kwa maandishi, ni kujua wagonjwa wa akili wako wapi.

Ukitaka kuona kwa nini jambo hilo ni la kufa na kupona, nenda kusini mwa mkoa, Mahenge, kwa wagonjwa wa kifafa.

Mwaka 1960 daktari kijana wa Norwe, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa kwenye milima ya Mahenge, wilaya ya Ulanga. Aliwakuta Wapogoro wenye kifafa wakiwa wengi kupita kiasi, na wengi wao wakiwa na makovu ya moto. Iliaminika kwamba ugonjwa huambukiza kwa mate na povu la mgonjwa, kwa hiyo aliyeangukia mafiga aliachwa mpaka degedege liishe lenyewe. Alikula na chombo chake na kulala kwenye kibanda chake. Jilek-Aall aliandika pia juu ya watoto waliokuwa wakitikisa kichwa kama wanaosinzia kabla ya kifafa chenyewe kujitokeza, hali ambayo wenyeji walikwisha kuipa jina: kusinzia kifafa. Nusu karne baadaye watafiti wa Uganda na Sudan Kusini walipokuwa wakihangaika na ugonjwa wa kutikisa kichwa, maandishi ya Mahenge ndiyo yaliyokuwa miongoni mwa ya mwanzo duniani.

Dawa aliyotumia zaidi ilikuwa fenobabitoni. Ni ya bei ndogo, humezwa usiku, na kwa wagonjwa wengi hupunguza au kukomesha kabisa kuanguka. Ina sharti moja kali. Ikikatizwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, degedege juu ya degedege bila kukatika, na mtu akafa siku hiyohiyo. Mwaka 1992 Jilek-Aall na Dkt. Henry Rwiza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ile kwa miaka 30. Takriban theluthi mbili walikuwa wamefariki, na katika sababu za vifo vile vimo kuungua, kuzama majini na kifafa kisichokatika. Mwaka huohuo timu ya Rwiza ikachapisha hesabu ya watu 18,183 katika vijiji 11 vya Ulanga: zaidi ya watu 10 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa, na kijiji kimoja kilifika 37. Hicho ni kiwango cha kutisha.

Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba sehemu ya kifafa hicho inahusiana na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa mito iendayo kasi. Ivermektini imekuwa ikigawiwa Mahenge tangu miaka ya 1990, na kuanzia 2019 ikaanza kutolewa mara mbili kwa mwaka. Hapo mratibu wa afya ya akili anajikuta mwenzake wa karibu ni mratibu wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele: mmoja anazuia kifafa cha watoto wa kesho, mwingine anawashika wenye kifafa leo wasikatize vidonge. Katika ofisi nyingi watu hawa wawili huandaa ripoti mbili zisizokutana. Ulanga haiwezi kumudu hilo.

Jiografia nayo ina neno lake. Kabla ya kujengwa Daraja la Magufuli kwenye mto Kilombero pale Ifakara, mizigo ya Mahenge ilivuka kwa kivuko, na mvua kubwa zilipofurisha mto, boksi la dawa lilingoja ng'ambo pamoja na mahindi na abiria. Daraja limeondoa kikwazo kimoja. Barabara za kutoka makao makuu ya wilaya kwenda vijijini ni hadithi nyingine, na mratibu asiye na pikipiki ya ofisi huomba lifti kwenye gari la chanjo, akiwa na bahati ya kwamba siku hiyo chanjo inaelekea anakotaka kwenda.

Upande wa Uluguru shida ni ya sura nyingine. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya milimani kwa desturi ni ya ukoo huo. Kwa mratibu hili ni jambo la kazi ya kila siku. Mwanaume aliyeugua akiwa ameoa na kuhamia kwa mkewe, ndoa ikivunjika kwa sababu ya ugonjwa, anarudi kwa dada zake na wajomba zake, kijiji kingine kabisa. Kadi yake ya kliniki imeandikwa anwani ya kwa mke. Tuseme mgonjwa wa namna hiyo ametoweka kwenye daftari la kituo cha afya Mgeta. Mratibu mgeni ataandika "ameacha tiba". Mratibu aliyekaa na watu atauliza mama yake ni wa ukoo gani na shamba la kwao liko wapi, na ndani ya wiki atakuwa amempata Bunduki au Kikeo, pengine akivuna viazi.

Mjomba ndiye wa kuzungumza naye. Baba anaweza kuitikia kila kitu kwa upole, lakini mjomba asiporidhia hakuna nauli itakayotoka, wala kipande cha shamba cha mgonjwa kulima akipona. Mazungumzo yenyewe huanza mbali: mvua, bei ya kabichi mjini, msiba wa mwezi uliopita. "Shikamoo mjomba" hutangulia, hata kama anayeamkia ana vyeti vitatu ukutani. Anayekimbilia kutoa ushauri wa dawa katika dakika ya pili ataagwa kwa heshima zote na hatapata alichofuata.

Kuna pia waganga wa kienyeji. Uluguru ni nchi ya mizimu mikubwa. Kolero ilijulikana na kuendewa kwa maombi ya mvua na mavuno tangu kabla ya Vita vya Majimaji. Familia nyingi humpitisha mgonjwa kwa mganga kwanza, na wengine humpeleka kwenye maombi au kwa shehe wa kusoma ruqya. Mratibu anayewatukana waganga hufungiwa milango miwili kwa mpigo, wa mganga na wa familia. Walio wajanja huomba makubaliano madogo: mganga aendelee na tambiko lake, lakini mgonjwa asifungwe kamba, asinyimwe chakula, asikatazwe vidonge, na akianza degedege aletwe zahanati usiku huohuo. Makubaliano hayo huvunjwa mara nyingine. Hata hivyo yameokoa watu, na ni mepesi kuyapata kuliko kumshawishi mzee wa miaka 70 kwamba majini hayapo.

Kamba ni habari nzito. Wapo wagonjwa waliofungwa kwenye nguzo ya nyumba kwa miezi, na si kwa sababu ndugu zao ni wakatili. Mara nyingi anayefunga ni mama mwenye zaidi ya miaka 60, peke yake na kijana wa miaka 25 mwenye nguvu zake, aliyekwisha kuchoma nyumba moja. Kumripoti mama huyo polisi hakumsaidii mtu. Kinachosaidia ni sindano ya flufenazini inayokaa mwilini wiki mbili hadi nne, inayochomwa zahanati ya karibu ili kusiwe na ugomvi wa vidonge kila jioni, pamoja na jirani mmoja aliyekubali kumpokea mama zamu ya kumwangalia. Sindano iko kwenye mwongozo wa matibabu. Jirani hayumo kwenye mwongozo wowote, na kumpata huyo ndiyo kazi ya uratibu hasa.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 iliondoa ile ya kikoloni na kuzungumza kwa lugha ya tiba na haki za mgonjwa. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kwa hiyo familia iliyomwokoa binti aliyekunywa sumu ya kuua wadudu wa mboga, na sumu hiyo iko kila nyumba kwa wakulima wa nyanya na kabichi, inaogopa kusema ukweli hospitalini. Inasema amekosea chupa. Daktari anatibu tumbo, binti anarudi nyumbani na sonona yake. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyohiyo, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikitangaza kuwa kinapingana na Katiba. Bunge la Tanzania lingefanya vyema kulitazama jambo hilo mapema, maana mratibu hawezi kumfuatilia mtu ambaye sheria imemfundisha kujificha.

Duniani kuna ushahidi kwamba msaada wa kwanza unaweza kutoka kwa mtu asiye na shahada. Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 huko Mbare, Harare, kuwafundisha kina bibi kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye msongo na sonona. Matokeo ya jaribio la mpango huo yalichapishwa 2016 na yalikuwa mazuri. Tanzania nayo Januari 2024 ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Wakifika kwenye kila kitongoji cha Uluguru na Mahenge, mratibu atakuwa kwa mara ya kwanza na macho yaliyo jirani na mgonjwa. Sharti ni kwamba afya ya akili na kifafa viwemo kwenye mafunzo yao kwa uzito uleule wa uzazi na chanjo, na kwamba mratibu awe na muda na usafiri wa kuwatembelea. Mhudumu aliyeripoti mgonjwa mara tatu bila kuona mtu akija hataripoti mara ya nne.

Haya yote hurudi kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri, ambao huandaliwa kila mwaka kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Mratibu huitwa kwenye vikao hivyo akiwa mdogo mezani, baada ya uzazi salama, Ukimwi, kifua kikuu na malaria, programu zenye wafadhili na viashiria vyao. Anachoomba si kikubwa. Ni lita za petroli za kuzunguka vituo vyote mara moja kila robo mwaka, vocha ya simu ili asitumie fedha za mfukoni kupigia familia, na muuguzi wa pili wa kushika kliniki siku anapokuwa milimani. La mwisho ni akiba ya fenobabitoni na haloperidoli ya miezi mitatu kwenye kila kituo cha afya, ili mzigo ukichelewa asiwepo mgonjwa wa kukatiziwa dawa. Madiwani wa Kolero, Kikeo na Mahenge hupiga kura juu ya bajeti hiyo, kila mmoja katika halmashauri yake. Wanawajua wagonjwa wa kata zao kwa majina, na wanaweza kumuuliza mkurugenzi, kifungu kwa kifungu, fedha za mratibu ziko ukurasa gani.